Kabla Hujaandaa Siku ya Utamaduni, Fungua Rejesta

Nimestaafu mwaka juzi nikiwa afisa elimu kata. Kabla ya hapo nilishika chaki, kisha ualimu mkuu, yote katika ukanda ule unaoteremka kutoka milima ya Mbulu kwenda bonde la Ziwa Eyasi. Mimi si mwenyeji wa huko. Nimezaliwa Lushoto, nimelelewa na bibi aliyeniamsha kwa "onga makeo", nikapangiwa kazi mahali ambapo sikuambulia hata neno moja. Sasa walimu wakuu vijana hunipigia: "Mama shikamoo. Tumeambiwa tuingize lugha na utamaduni wa watoto kwenye shughuli za shule. Walimu wangu wananiangalia tu. Nianzie wapi?" Nimejibu kwa simu mpaka sikio limepata moto, kwa hiyo naandika.

Mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari mfukoni: Siku ya Utamaduni. Ngoma, shuka, turubai, mgeni rasmi, soda kreti nne. Ifanyeni, hakuna aliyekufa kwa ngoma. Ila mwaka una siku za masomo mia moja tisini na kitu, na mimi naongelea hizo nyingine.

Bonde lenyewe liko hivi. Katika mwendo wa siku moja kwa miguu utakuta Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga, ambao ni Waniloti. Waisanzu, Wanyiramba na Wasukuma, Wabantu kama mimi. Na Wahadzabe, ambao wataalamu mpaka leo hawajaipatia lugha yao ndugu. Watoto hao wote huingia darasa la kwanza mlango mmoja, kwa mwalimu mmoja aliyetoka Kigoma au Mtwara wiki mbili zilizopita akiwa na begi na godoro. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na sikuambii uibadilishe. Nakuambia namna ya kumsaidia huyo mwalimu wa godoro asiwaone watoto sabini kuwa ni bubu.

Anza na walimu, watoto watasubiri

Kikao cha kwanza usitamke neno "mtoto". Kiweke Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, mnunulie watu chai na maandazi kwa hela yako kama mfuko wa shule umekauka, halafu uliza swali moja: neno gani la kwenu ulichapwa kwa kulisema shuleni?

Mara ya kwanza nilipouliza, watu saba waliangalia vikombe. Kisha kijana mmoja, Muha, akacheka akasema shuleni kwao palikuwa na kibao cha kuning'iniza shingoni, na aliyekutwa nacho jioni alisafisha vyoo. Mwingine akasema kwao kilikuwa mfupa wa ng'ombe. Nikaona ni zamu yangu. Nikawaambia kwamba mwaka 1991, mwaka wangu wa pili kazini, nilichonga kibao kama hicho kwa mkono wangu kutoka ubao wa sanduku la sabuni, nikatoboa tundu kwa msumari wa moto. Binti mmoja wa Kidatoga alikivaa siku tatu mfululizo. Kosa lake lilikuwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Siku ya nne hakuja, wala ya tano, wala tena.

Baada ya hapo sikuhitaji kuwashawishi. Mwalimu akishakumbuka shingo yake mwenyewe, nusu ya semina umeimaliza.

Nusu ya pili ni hofu, nayo ina sura mbili. Ya kwanza ni ukabila. Tumelelewa kuamini kwamba kumuuliza mtu kabila lake ni kumtusi, na mimi naiheshimu hofu hiyo, imetulinda. Kwa hiyo usiulize kabila. Uliza lugha: "Ukimwamkia bibi yako asubuhi unasemaje?" Mtoto hujibu kwa furaha, hakuna anayejisikia kuwekwa fungu, na mara nyingi utagundua ana bibi wawili wanaoamkiwa kwa lugha mbili. Ya pili ni hofu ya wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule: "Mama, wakinikuta nasema Kiiraqw darasani wataniandika." Hapo kazi ni yako wewe kiongozi. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inataka Watanzania wajivunie lugha zao za asili. Itafute, ichape ukurasa huo, ubandike ofisini. Halafu andika kwenye logbook, kile kitabu cha kumbukumbu za shule, kwa jina lako na sahihi yako, kwamba walimu wameruhusiwa kutumia neno la nyumbani kwa mtoto kama ngazi ya kufikia neno la Kiswahili. Akiandikwa mtu, uandikwe wewe. Walimu hawataki hotuba. Wanataka kujua nani atasimama mvua ikinyesha.

Rejesta

Mvua, kwa Kiiraqw, ni *tluway*. Pia ni jina la mtu, na kule utakutana nalo. Nilikuwa na mvulana wa jina hilo. Mwalimu wa darasa la kwanza alimwandika Tuluwai. Wa darasa la tatu, mtu wa Mara, akamwandika Turway. Darasa la nne yeye mwenyewe, mtoto wa watu, akajiandika Thomas ili yaishe. Wakati wa kuandikisha mtihani wa darasa la saba tukakuta majina manne na mtoto mmoja, na baba yake akatembea na cheti cha kuzaliwa kwenda na kurudi mara tatu kwa kosa letu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwaka, kabla ya azimio la kazi, ni hii. Kila asubuhi, wakati wa kuita majina, mwalimu achukue watoto kumi tu. Mtoto asimame, aseme jina lake mara tatu. Mwalimu arudie. Darasa ndilo linalohukumu: wakicheka, bado, wakisema "ndiyo", amepata. Kisha aandike kwa penseli pembeni namna ya kulitamka, na alinganishe tahajia na kadi ya kliniki au cheti. Darasa la sabini linaisha kwa siku saba. Hakuna somo lililopotea, na kwa siku saba hizo mwalimu amekuwa mwanafunzi mbele ya watoto, jambo ambalo wengi wao hawajawahi kuliona.

Sauti zenyewe usizikimbie. Kwa ile *tl*, weka ulimi kama unaanza kusema "t", zuia pumzi kooni, kisha usiuondoe ulimi. Acha hewa ipasuke kwa pembeni, karibu na magego. Mimi ilinichukua wiki mbili na watoto walifurahi kupita kiasi. Majina ya Kidatoga mengi ya kiume huanza na Gida-, ya kike na Uda-. Ukishajua hilo tu, hutamwandika tena binti kwenye safu ya wavulana, kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Na majina ya watu wenyewe. Mfute mwalimu mdomoni neno "Mang'ati". Ni neno la Kimaasai la adui. Wao ni Wadatoga. "Mtindiga" nalo ni jina la kubandikwa na majirani. Wao ni Wahadzabe. Usifanye mkutano wa jambo hili. Mwite pembeni, mwambie mara moja, basi.

Mama asiyetaja jina

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona walimu wazuri wakikosea hapa.

Siku ya kuandikisha darasa la kwanza alikuja mama wa Kidatoga na mtoto wake. Fomu inataka majina matatu. La mtoto, akataja. La baba wa mtoto, mtoto akalisema. La babu, kimya. Mwalimu akauliza tena, mama akaangalia chini. Akauliza kwa sauti ya juu, maana sisi huwa tunadhani asiyejua Kiswahili ni kiziwi. Mama akavuta mtoto, akaanza kuondoka. Mwalimu akanigeukia: "Huyu anaficha kitu, Mama. Labda mtoto si wa ndoa."

Mama hakuwa anaficha kitu. Mwanamke wa Kidatoga akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Ni heshima, na ni nzito: haishii kwenye jina lenyewe, inafika hadi kwenye maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti. Kwa maneno hayo wanawake wana mengine ya kuyabadilisha. Na jina la tatu la mtoto, kwenye fomu yetu ya serikali, ni nani? Ndiye huyo baba mkwe. Tulikuwa tumemweka mama mbele ya meza na kumdai aseme neno asiloweza kulisema.

Dawa yake haina gharama. Mwalimu aulize, "Nani anaweza kunisaidia jina la babu?" Jirani atalisema, au mtoto, au litasomwa kwenye kadi. Waambie pia walimu wasitoe kazi ya nyumbani ya "muulize mama majina ya ukoo wako".

Lakini usiishie kwenye kukwepa. Mwalimu mmoja wa darasa la nne aliposikia habari hii, akaipeleka kwenye kipindi cha visawe. Akauliza nani nyumbani kwao kitu kimoja kina majina mawili, mama analo lake na shangazi lake. Watoto wa Kidatoga, waliokuwa wamezoea kukaa nyuma, mikono juu wote. Wao visawe wamevinywa na maziwa. Aliwapa ubao wakaeleza, kisha ndipo akaandika "barabara, njia" na "ndoo, beseni" akauliza ipi kati ya jozi hizi ni visawe kweli. Nilikuwa nimekaa nyuma na daftari langu la ufuatiliaji, nikasahau kuandika.

Kosa lina kwao

Mwalimu mgeni akisoma "kitabu yangu, mtoto yangu, ng'ombe zangu imelala", humwaga wino mwekundu. Mpe dakika ishirini umweleze kosa hilo linatoka wapi. Kiiraqw hakina ngeli za viambishi kama zetu. Majina yake yana jinsia, na umiliki unashikizwa mkiani mwa jina lenyewe. Mtoto anajua upatanisho vizuri sana, wa nyumba nyingine. Kwa Msukuma ngeli hazina shida, kwao zipo tele, lakini lugha yake haina "r", kwa hiyo atakuandikia kwamba amealikwa kwenye kalamu wakati amealikwa kwenye karamu, au atarekebisha kwa bidii mpaka "kulala" iwe "kurara".

Ukilijua hilo, dawa zinatofautiana. Kwa wa kwanza, vitu halisi na vikapu: kikapu cha vitu vya ki-vi, kikapu cha m-mi, mtoto anaokota, anasema "hiki changu, huu wangu", wiki nzima bila daftari. Kwa wa pili, jozi za maneno na kusikiliza. Mwalimu atengeneze karatasi moja ya manila yenye safu tatu: lugha ya nyumbani, kosa linalojirudia, zoezi. Ibaki ukutani ofisini. Wengine huiongezea wenyewe. Yetu baada ya muhula ilikuwa na maandishi ya kalamu tano tofauti.

Hesabu ni rahisi, sitaiongelea sana. Waache wahesabu kwa lugha zao mbele ya darasa: *wak, tsar, tam* mpaka *mibaangw*, ambayo ni kumi. Msukuma akifika "ibili, idatu" darasa litasikia Kiswahili ndani yake na kuanza kupiga kelele. Dakika tano, rudi kwenye kujumlisha. Salamu nazo hivyo hivyo: kila siku mtoto mmoja awe mwenye salamu, Jumatatu *saita* ya Kiiraqw, Jumanne *mtana* ya Kihadzabe. Ya Kidatoga ilikuwa ndefu, tukaigawa wiki nzima.

Yule asiyesema

Kila darasa lina mmoja. Wetu alikuwa mvulana wa Kihadzabe, darasa la tatu, muhula mzima hakusema neno zaidi ya "ndiyo mwalimu". Mada ya sayansi ikafika kwenye wadudu. Mwalimu, binti wa Mtwara, alikuwa na picha ya nyuki kitabuni, moja, imefifia. Nilimshauri aweke kitabu chini, awape watoto kipande cha chaki kila mmoja wachore sakafuni mahali nyuki anapokaa.

Wengi walichora mzinga wa gogo. Huyu alichora mbuyu. Halafu akachora vijiti pembeni mwa shina, kimoja juu ya kingine, kutoka chini mpaka juu. Mwalimu akauliza hivi ni nini. Akasema, kwa Kiswahili cha kukatika, ni vigingi. Unakipigilia, unakanyaga, unapigilia kingine. Nyuki wa aina gani? Akasema wapo wanaouma na wapo wadogo wasiouma, asali yao tofauti, nyumba yao tofauti. Na ndege anayekuita ukamfuate. Kipindi kikaisha, mwalimu akakiunganisha na cha pili.

Lakini sikiliza. Wiki iliyofuata mwalimu yule yule, kwa furaha, akamtaka mvulana alete upinde awaonyeshe wageni waliokuwa wanatembelea shule. Nilikataa. Bonde la Eyasi lina magari ya watalii. Watoto wale wameshaona watu wazima wa kwao wakirusha mishale asubuhi kwa ajili ya kamera. Shuleni mtoto aulizwe anachokijua pale somo linapokihitaji, akakae chini kama wenzake. Kipimo changu ni kimoja: je, kuna alama, zoezi au swali la mtihani wa darasa lililotokana na alichosema? Kama hakuna, umemfanya kivutio.

Wazee

Ukimwita mzee kuja kusimulia, mpelekee ujumbe kwa mtu wa rika lake, si kwa barua yenye mhuri. Mwekee kiti chenye mgongo, kivulini, watoto wakae chini. Andaa chai yenye sukari ya kutosha na nauli ya pikipiki, uandike kwenye matumizi kama unavyoandika chaki. Mzee wa Kiiraqw akianza na *slufay*, ile dua ya baraka ambayo mmoja husema na wengine huitikia, usimkatishe kwa sababu kengele imelia. Mwenyeji mmoja kati ya walimu atafsiri, ila si huyo huyo kila mara; nimeona mwalimu mwenyeji akigeuzwa mkalimani wa shule nzima mpaka akaomba uhamisho.

Hadithi watoto waziandike kwa Kiswahili, na maneno mawili matatu yasiyotafsirika yabaki yalivyo. Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ukiikung'uta vizuri, inatoa kurasa nzuri. Shona kwa sindano ya gunia. Tulikuwa na vijitabu thelathini na kitu kabla hatujaona hata kimoja kutoka nje.

Muda, ndio kila kitu

Usimwongezee mwalimu kazi bila kumpunguzia nyingine. Vile vikao vya jumuiya za ujifunzaji mnavyofanya chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, vipo tayari kwenye ratiba. Chukueni kimoja kwa mwezi. Mwalimu mgeni mpangie mwenzi mwenyeji kwa muhula mmoja, vipindi viwili kwa wiki wakae darasa moja, na wewe mwalimu mkuu ushike darasa linalobaki wazi. Ndiyo, wewe. Mimi nilifundisha hisabati darasa la tano kila Jumatano ili wengine wakae pamoja, na hisabati siipendi. Kwenye andalio la somo tulikubaliana kuongeza mstari mmoja tu, "Neno la nyumbani", na wathibiti ubora walipokuja waliuliza ni nini, tukawaonyesha daftari la mtoto kabla na baada, wakaendelea na choo na madawati.

Kitu kimoja kitakuangusha: uhamisho. Mwalimu aliyejifunza kila kitu anaondoka Juni na kichwa chake. Nunua kaunta buku kubwa, moja kwa kila darasa, isiwe mali ya mwalimu. Humo yaandikwe majina na matamshi, lugha za darasa, mzee gani aje kwa mada gani, nani yuko kwenye msimu wa asali na atarudi lini, familia zipi huhama na mifugo kiangazi. Makabidhiano yasisainiwe bila hilo buku mezani.

La darasa la kwanza la shule yangu ya mwisho bado lipo, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Kijana mpya alinipigia mwezi wa kwanza akanisomea ukurasa wa kwanza, anataka kujua kama ni mzaha: "Tluway. Ulimi juu, pasua pembeni. Usiogope kuchekwa. Ukishindwa muulize dada yake, yuko la nne."

Nikamwambia si mzaha. Akajaribu kwenye simu. Nikamwambia bado.